Aliyebaki na Mzinga

Mtu akikiri kosa kabla hajaulizwa, wapo askari watakaomshukuru Mungu na kuagiza chai. Inspekta Hildegardi Mbunda hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa ameyasoma maelezo ya onyo ya Kapteni mstaafu Egidi Kinunda tangu asubuhi, na kila alipoyarudia yalizidi kumkera. Yalikuwa mafupi na yamenyooka kama amri ya jeshi. Nimemuua Romanus. Nimempiga kwa jembe, bandani. Jembe nimelitupa mtoni. Sina shahidi na sina la kuongeza.

"Unataka nini tena?" OCD, mkuu wa polisi wa Wilaya ya Mbinga, alimwuliza, amejiegemeza kitini. "Mzee kaja mwenyewe kituoni, kavaa koti lake la jeshi na nishani kifuani. Maiti tumeikuta kwenye banda lake la kahawa. Ugomvi wao kijiji kizima kinaujua. Kesho asubuhi gari linampeleka Songea kwa kesi ya mauaji."

"Jembe hatunalo, afande."

"Mto umelichukua."

"Jembe halielei, afande. Vijana wameingia mtoni pale alipoonyesha, wamepapasa mpaka wamepata mafua. Hakuna kitu."

OCD alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda majalada yafungwe, na hili lilikuwa limejifunga lenyewe. "Una siku ya leo," alisema mwishowe. "Gari likiondoka kesho, mkono wangu haufiki tena. Na wewe unajua kesi ya mauaji ya kukusudia mwisho wake nini."

Hildegardi alijua. Mwisho wake ni kitanzi.

Alimkuta Kapteni mahabusu ameketi juu ya sakafu, mgongo umenyooka, nywele nyeupe, mikono juu ya magoti. Pale kituoni alikuwa mrefu kuliko kila askari, hata akiwa amekaa.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniuliza nilichokwisha kusema."

"Ndiyo kazi niliyopewa. Romanus alikukosea nini?"

"Hilo waulize majirani."

Majirani walikwishaulizwa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali iwafungulie mlango wanunuzi binafsi wa kahawa, na huku milimani Umatengoni walijaa vijana wa pikipiki na miwani ya jua, kila mmoja wakala wa kampuni fulani ambayo hakuna aliyewahi kuona ofisi yake. Romanus alikuwa mmoja wao. Masika yote alizunguka akiwarubuni watu wamwuzie kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Kapteni alimtimua hadharani kwenye mkutano wa kijiji, akamwambia akikanyaga tena shamba la Kinunda atavunjwa shingo. Watu walicheka siku ile. Wiki mbili baadaye Romanus akapatikana bandani, amekufa.

"Ulimpiga wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani mahali gani?"

"Utosini. Nilimtokea kwa nyuma."

Hildegardi hakuandika kitu. Daktari alikuwa amemwonyesha maiti kwa mikono yake. Utosi wa Romanus ulikuwa mzima kama wa mtoto. Jeraha lilikuwa chini ya taya, limepanda juu, na taya lenyewe limesagika. Daktari alisema aliyepiga alikuwa chini na aliyepigwa juu. Kapteni Kinunda angelazimika kupiga magoti ndipo ampige mtu namna ile.

"Mlikuwa mmesimama wote wawili?"

"Wote wawili. Inspekta, sikiliza. Mimi nilikuwa nawalenga watu kwa mizinga wakati wewe bado unakariri hesabu za kujumlisha. Kuua si kazi ngeni kwangu. Kama huamini, teremka Mbamba Bay ukamwulize Bartholomayo. Alikuwa kwenye mzinga wangu vita vya Kagera."

"Nitamwuliza. Nyumbani unaishi na nani?"

Kwa mara ya kwanza mzee aliondoa mikono juu ya magoti.

"Margareta, mjane wa mwanangu, na wanawe. Hajui lolote. Wala hakuwepo shambani."

"Sijakuuliza alikuwa wapi, Kapteni. Na wewe umesema ulimwulia bandani. Shamba limeingiaje?"

Kapteni aliugeukia ukuta. Hata salamu ya kuagana hakuitikia.

Barabara ya kuteremka Mbamba Bay, kando ya ziwa, ni ya kumkumbusha mtu dhambi zake. Masika yalikuwa yameila kingo, na Land Rover ya polisi ilishuka kona baada ya kona huku Konstebo Aidan, dereva, akiushikilia usukani kwa mikono na meno. Aidan alizaliwa hukohuko ziwani na aliwaogopa watu wa milimani pamoja na milima yao.

"Afande, mzee mwenyewe kakiri," alisema walipofika chini na hewa ikaanza kuwa ya joto. "Sisi tunamtafutia nini?"

"Njia ya mwongo fupi, Aidan. Huyu yake imeishia kwenye swali langu la tatu."

"Mtu adanganye ili anyongwe?"

"Ndiyo maana tunakwenda kuuliza."

Bartholomayo walimkuta nyuma ya kanisa la Waanglikana, anaanika usipa, dagaa wa ziwani, juu ya kichanja. Alikuwa mfupi, mpana, na masikio yake yalikuwa yameachwa huko vitani, hivyo ilibidi Hildegardi apige kelele mpaka wanawake wa vichanja vya jirani wakaacha kazi na kusikiliza bila aibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimesikia kuhusu Kapteni. Ni uongo."

"Amekiri mwenyewe."

"Hata kama."

"Anasema wewe utanieleza kwamba kuua si kazi ngeni kwake."

Bartholomayo aliufuta mkono wake wenye magamba kwenye kaptula, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ile nishani, alisema, kila mtu anajua aliipata vitani, lakini watu hudhani aliipata kwa kuua. Kuua kila mmoja wao aliua. Mzinga haulengi mtu mmoja, na nishani haitolewi kwa hilo.

"Tulikuwa ng'ambo ya mto Kagera. Askari wetu wa miguu wamebanwa bondeni, tunawasaidia kwa mizinga tangu alfajiri. Bomba limepata moto, huwezi kulisogelea. Tukapakia kombora jingine, nikavuta kamba, kimya. Kombora limegoma ndani. Unaelewa maana yake, mama?"

"Nieleze."

"Maana yake linaweza kulipuka sasa hivi, au baadaye kidogo, au wakati unafungua mlango wa nyuma ulitoe. Hakuna anayejua. Sheria inasema watu wote waondoke, abaki mmoja wa kulitoa. Na huyo mmoja huteuliwa na mkubwa. Kwa kawaida humteua mdogo." Alicheka kidogo, bila furaha. "Mdogo nilikuwa mimi. Nikaanza kusali. Kapteni akasema, tokeni wote, nendeni nyuma ya kile kichuguu, mlale kifudifudi, na asirudi mtu mpaka niite. Tukadhani anatania. Akanisukuma kifuani nikaanguka. Akabaki yeye na mzinga wake."

Wanawake wa vichanja walikuwa wamesogea karibu.

"Akalitoa?"

"Akasubiri, akafungua, akalikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto anayelala, akatembea nalo taratibu mpaka kwenye handaki akalilaza. Halafu akatuita. Tukaendelea kupiga, na wale wa bondeni wakatoka salama. Baadaye nilimwuliza, Kapteni, mbona hukuniteua mimi? Akasema, mzinga ni wangu. Kinachotoka mdomoni mwake ni changu na kinachogoma tumboni mwake ni changu. Ndiyo nishani hiyo, mama. Hakuipata kwa kuua. Aliipata kwa kuwaondoa watu."

Hildegardi alimshukuru, akakataa usipa waliofungwa kwenye gazeti, kisha akawapokea kwa sababu kukataa mara ya pili ingekuwa tusi. Walipoanza kupanda mlima alimgeukia dereva.

"Aidan, ungekwenda kujisalimisha kwa kosa la kuua, ungevaa nishani?"

"Ningevaa ndala, afande, ili wanihurumie."

"Yeye kavaa koti na nishani. OCD anasema ni majivuno. Mimi nasema kavaa ili askari wakimtazama waone mwuaji tayari, wasiangalie nyuma yake kuna nani. Kawaondoa watu, kabaki na kombora."

"Kamwondoa nani?"

"Alisema mwenyewe, ila hakujua kwamba amesema. Simamisha gari kijijini kwa Kinunda."

Nyumbani palikuwa na watoto tu. Mama yao, walisema, amekwenda kuteka maji. Hildegardi hakumsubiri. Alipita nyuma ya banda la kahawa, akapanda shambani, na Aidan akamfuata akihema na kushika majani asiteleze.

Mteremko ule ulikuwa mkali kiasi kwamba mgeni angedhani ni wa mbuzi, lakini Wamatengo wanaulima kwa ngoro tangu enzi za mababu. Hukata nyasi, wakazilaza chini kwa mistari inayokatizana mpaka mlima mzima ukaonekana umegawanywa kwa miraba. Kisha katikati ya kila mraba huchimbwa udongo na kutupwa juu ya zile nyasi, ikawa shimo katikati na tuta pande zote nne. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni na nyasi huozea chini ya matuta zikawa mbolea. Maharage hupandwa juu. Hildegardi alikulia kwenye mashimo hayo, mama yake akimchapa kila tuta lake lilipopinda.

"Tunatafuta nini?" Aidan aliuliza.

"Maharage yasiyoota."

Maharage ya Kinunda yalikuwa yamekwishatoa majani, yamejaa shamba lote kwa kijani kimoja. Vijana wa kituo walikuwa wamepita humo kutafuta jembe, nyayo za buti zao zilionekana. Walikuwa wametafuta udongo uliovurugwa. Hakukuwa na udongo uliovurugwa popote, kila tuta lilikuwa limepangwa sawasawa.

Hildegardi alizunguka mraba hadi mraba, akiinama na kuinuka, jasho likimtiririka. Aidan alikuwa amekwishakata tamaa aliposikia ameitwa. Inspekta alikuwa amechuchumaa shimoni, katikati ya shamba, mbele ya tuta moja lililofanana na mengine yote kwa urefu, kwa upana na kwa unyoofu, isipokuwa lilikuwa tupu. Alitia vidole juu yake akatoa mbegu ya maharage, imevimba, imeanza kupasuka.

"Imepandwa juzijuzi," alisema. "Nani anapanda maharage tuta moja, wakati shamba zima limekwishaota?"

Alisukuma mkono ndani zaidi. Kwenye matuta mengine nyasi zilikuwa zimekwishageuka nyeusi na kuoza. Za hapa zilikuwa bado mbichi, zimelazwa vizuri upande huu na upande ule, vichwa na mashina yamepishana.

"Sielewi, afande," alisema Aidan. Kwao hulima muhogo kwenye mchanga wa tambarare.

"Mtu ana kitu cha kuficha, amepagawa, anaogopa kila sauti. Angefukia tu udongo akakimbia. Huyu kakata nyasi kwanza, kazilaza, kachimba, kamwaga udongo kwa mpangilio, kisha kapanda na mbegu. Mkono wake umekataa kujenga tuta bovu. Mazoea yana taabu."

"Basi ni mzee. Ni shamba lake."

"Kwetu mwanamume hukata nyasi na kuzilaza. Udongo ni kazi ya mwanamke, na Kapteni hajawahi kuchimba ngoro tangu azaliwe, muulize mtu yeyote. Angejaribu, lingekuwa kaburi la kuku. Huyu amefanya kazi zote mbili, na amezifanya vizuri. Ni nani huyo kijijini anayekata nyasi mwenyewe na kuchimba mwenyewe?"

Aidan alifikiri. "Mwanamke asiye na mume," alisema polepole.

Hildegardi alifukua. Jembe lilikuwa chini, limefungwa kwenye gauni lililochanika bega. Udongo uliolizunguka ulikuwa umeganda damu nyeusi. Alisimama shimoni akatazama juu. Aliyesimama kwenye tuta la upande wa mlimani angekuwa juu yake kabisa, taya lake likiwa wazi kwa mtu yeyote aliye chini na jembe mkononi.

Walipogeuka walimkuta Margareta amesimama, ndoo ya maji ingali kichwani. Mwanamke mwembamba, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Nilijua," alisema. "Walikuja askari wanaume wakapita juu ya tuta hili wote. Nikasema moyoni, akija mwanamke nimekwisha."

"Tua ndoo, mdogo wangu. Kaa."

Margareta alitua ndoo lakini hakukaa. Alisema yote kwa mfululizo, kama mtu anayetapika. Romanus alikuwa amekuja mara nyingi tangu masika yaanze. Alimwambia kwamba mjane hana mwenyewe. Siku ile alimkuta shimoni anarekebisha matuta yaliyoliwa na mvua. Alisimama juu yake, akamshika nywele, akamvuta, akamchania gauni. Yeye alikuwa na jembe. Alilirusha juu mara moja tu.

"Baba akasikia kelele, akaja. Akamtazama, akanitazama. Akasema, teremka nyumbani ukaoge, upikie watoto, usirudi huku. Huyu nitambeba mimi. Nikamwambia, baba, nilikuwa najitetea. Akasema, mahakamani watakuuliza kwa nini ulikuwa peke yako shambani, na kila jibu litakuwa kosa. Akasema mimi nina watoto, yeye ana uzee tu."

"Na ukarudi."

"Kesho yake, baada ya wao kumfunga. Damu ilikuwa pale juu. Sikuweza kuacha shamba vile. Dada, mimi sijala tangu wamchukue. Napika, nawapa watoto, chakula hakipiti. Yule si mkwe wangu tu. Mume wangu alipokufa, ndugu zake walitaka niondoke. Yeye akasema nyumba hii ni yangu."

Hildegardi alimtazama shingoni. Alama za kucha zilikuwa bado zinaonekana, na daktari angeziona vilevile. Gauni lilikuwepo. Pembe ya jeraha ilikuwepo. Ushahidi wote wa mtu aliyejitetea ulikuwa umefukiwa chini ya maharage, na mtu mmoja kati ya wawili waliojua yaliyotokea alikuwa anakwenda Songea kuutupa.

"Sheria inamjua anayejitetea," alisema. "Lakini haimjui asiyesema. Siwezi kukuahidi. Nitaandika nilichokiona, daktari ataandika chake, na jaji atapima. Ukinyamaza, hakuna cha kupima. Mzee amesema amekusudia kuua. Watamnyonga."

"Na watu? Watasema nilimwita mwenyewe."

"Watasema. Sitakudanganya."

Margareta alitazama chini kwenye nyumba, wanawe walikokuwa wanafukuzana uani. Kisha alichukua maji ya ndoo akanawa uso, akafunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Nimpitie jirani awaangalie watoto," alisema.

Walifika kituoni jua likiwa bado juu ya paa la soko. OCD alisikiliza akiwa amesimama, akalitazama jembe, akalitazama gauni, akaketi. Ndipo Kapteni akaletwa kutoka mahabusu. Alipomwona Margareta, uso wake, ambao haukuwa umebadilika tangu alipojisalimisha, ulibadilika.

"Rudi nyumbani."

"Baba."

"Nimesema rudi nyumbani, Margareta. Hiyo ni amri. Inspekta, huyu mtoto amechanganyikiwa kwa huzuni, asiandikwe. Nimekwishasema kila kitu. Mimi ni mzee, yangu yamekwisha."

"Umesema ulimpiga utosini, Kapteni," Hildegardi alimjibu kwa upole. "Utosi wake ni mzima."

Mzee alimgeukia mkwewe, na safari hii hakuwa anaamuru, alikuwa anaomba.

"Mama, nenda. Watoto wako. Nakuomba, ondoka hapa."

"Sitoki, baba," alisema Margareta. Hakuinamisha macho kama ilivyo desturi mbele ya mkwe. "Ulinitoa mara moja nikatii, na tangu siku ile sijapumua. Mimi si askari wako. Mimi ni mwanao."

Alivuta kiti, akakaa mbele ya meza ya Hildegardi.

"Andika, dada. Naitwa Margareta. Nilimpiga mimi, nikiwa shimoni, na yeye akiwa juu yangu."

Kapteni alisimama wima mpaka sentensi ile ikaisha. Margareta alipoanza ya pili, akieleza jinsi alivyoshikwa nywele, mzee alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, na hakuna askari aliyemwambia anyamaze.